Goti la Jaluzi

Kijiwe cha Daniella ni ubao mmoja juu ya mawe meusi ya volkano, kwenye njia ya kushuka bandari ya Kituku. Kila asubuhi wanaume walewale wanaukalia, naye anawamiminia kahawa, mtoto wake Chance akiwa mgongoni. Leo wote walikuwa wakimtazama Jaluzi, mbwa wake mkubwa wa mwaka mmoja tu, anayechechemea mguu wa mbele kama mzee. Dokta wa mifugo, Mama Nshobole, alikuwa amemwandikia Daniella karatasi: amkande kwa kitambaa cha moto, asimwache akimbie, ampunguzie chakula. Miezi miwili ikipita bila nafuu, apasuliwe. Miezi ilikuwa imepita bila nafuu. Sasa dokta alikuwa chini bandarini, boti ya Bukavu inaondoka saa nne, na anataka jibu: mbwa anakuja Bukavu kupasuliwa ao anabaki?

— Apasuliwe, akasema Ntirenganya, aitwaye Dokta kwa kuwa aliwahi kufagia hospitalini. Mi niliona na macho yangu. Banafungua, banatia chuma, banafunga.

— Chuma? akadakia Mirindi, wanayemwita Avoka, yaani wakili. Siku moja kwenye bariyeri, askari batasema mbwa imeficha silaha.

— Avoka, ni mbwa! akasema Ntirenganya.

— Kwani batu hawajafungwa juu ya vitu vidogo kuliko mbwa?

Hakuna aliyecheka.

— Mi naona kama gurudumu ya chukudu yangu, akasema Habineza, anayesukuma mizigo kwa baiskeli hiyo ya mbao. Ikilia, napaka mafuta. Umunyweshe mawese, Mama Chance.

— Dokta wa mifugo amesema apungue, we unamupa mawese? akamkatiza Mirindi.

— Basi ni mazuku, akasema Ntirenganya. Ile gaz ya chini ya mawe. Analala chini, imeingia mu mufupa. Bakipasua itatoka fyuu, boti yote ilale.

— Anajifanya tu, akasema Mirindi. Tangu alemae anapewa vidagaa vya sambaza. Mi nikipewa sambaza kila siku, nitatembea na mikono.

Daniella akawajazia vikombe. Kule Kanyaruchinya, kambini walikokimbilia vita, maji ya mvua yalipopita chini ya turubai, mbwa huyu, mdogo bado, alilala upande wa maji ili Chance abaki mkavu. Hakuna aliyemfundisha. Kisu kingeweza kumsimamisha, kingeweza pia kumlaza kabisa, dokta hakumficha. Na hawa tangu asubuhi wanakunywa kahawa yake, hata mmoja hajainama kumgusa mnyama.

Mukamugema, mwuza samaki, akatua beseni lake na kuomba kikombe.

— Mama Chance, unamukandaka wapi?

— Hapa, kwenye goti. Daniella akashika pale mguu unapokunjika, chini.

— Karatasi inasema goti?

Daniella akaitoa kwenye fundo la kitenge. Mirindi akasoma:

— Coude.

— Coude ni kiwiko, akasema Mukamugema. Nani alikusomea goti?

Macho yakamgeukia Ntirenganya.

— Kiwiko ni ya mukono, akajitetea. Mbwa haina mikono. Miguu ine, magoti ine. Mi nilimusaidia.

Mukamugema akainama, akapandisha vidole mguuni hadi juu, karibu na kifua, akabonyeza kidogo. Jaluzi akatoa sauti ambayo Daniella hakuwahi kuisikia. Kisha akamlamba mama yule mkono.

Kitambaa cha moto, asubuhi na jioni, miezi miwili, kwenye goti lisilo na kasoro. Na mbwa akimwachia amkande.

— Sasa, akauliza Mukamugema taratibu, mutajuaje kama kumukanda kumekataa?

Mirindi akaikunja karatasi, akaikunja tena. Habineza akakumbuka kwamba ana mzigo wa viazi. Ntirenganya akanyoosha kikombe aongezewe. Daniella akainamisha chupa, likatoka tone moja.

Huko chini Kituku boti ikapiga honi, na papo hapo simu ikalia mkononi mwake. Mama Nshobole. Daniella akaitazama bila kuipokea. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshuka pembeni, na Jaluzi, alipouona, akanyoosha mguu kama alivyozoeshwa, akampa lile goti lisilouma.