Madume wa Bwawa la Didace

Didace alifika kijiweni Kashaulili akiwa hoi, matope yamemkaukia magotini, akajitupa kwenye benchi la muuza kahawa. Juma zima perege wake walikuwa wanakufa, wameota ukungu mweupe kama pamba, na wanaokufa ni madume watupu. Bwawa alilichimba kwa jembe, bondeni kule, misimu miwili, na ndilo linalolisha nyumba yake. Wenyeji wa benchi walikuwepo: Salvator fundi cherehani, aitwaye Profesa kwa ajili ya redio yake, na Mwandu mfuga ng'ombe, aitwaye Maksai, jina asilolipenda hata kidogo.

— Bwana samaki, yule afisa uvuvi, kasemaje? akauliza Profesa.

— Kasema homoni. Msimu wa kuzaliana homoni za kiume zinapanda, dume anang'aa, anapigana. Lakini hizohizo zinashusha kinga ya mwili. Ugonjwa ukipita tu, unambeba.

— Si nilisema! Kinga yote imeishia kwenye rangi. Jike hana rangi, haumwi. Hata mimi nikipenda mtu, mafua hayo.

— Mafua yako ni ya vumbi, Profesa, akasema Mwandu. Sisi dume msumbufu tunamhasi, ananenepa. Wahasi hao perege.

— Utamshika wapi samaki, Maksai?

— Usiniite hivyo! We ndo msomi, tafuta pa kushika.

Didace hakucheka. Alikuwa amechoka mpaka basi.

— Nyie mnahasi kwa mdomo. Mimi alfajiri nimevuta wavu, nimetoa madume wote, wagonjwa na wazima, nimefukia. Wamebaki majike tu.

— Hapo umecheza! akasema Profesa. Ugonjwa utakula nini sasa?

— Safi kabisa, ndugu yangu, akasema Mwandu.

Wakamwagizia kahawa. Didace akainywa taratibu, na moyo ukamtulia kidogo.

Ndipo akaja Generosa, jirani yake wa bondeni, ndoo mkononi, viganja vimechubuka. Naye alikuwa amemaliza kuchimba bwawa lake. Didace ndiye aliyemshawishi, akamwahidi vifaranga vya perege vya mbegu kutoka bwawani kwake.

— Shikamoo, baba Emelyne. Pole na samaki.

— Marahaba. Tumepona, mama. Madume nimewamaliza, majike wote wazima.

— Afadhali, Mungu mkubwa.

Generosa akaweka ndoo chini, akafikiri.

— Sasa hao majike watazaa na nani?

Profesa akaanza kuhangaika na redio yake. Mwandu, mwenye madume zizini tangu utotoni, akatazama kikombe. Didace akatazama vile viganja vya Generosa vilivyochubuka, aibu ikampanda mpaka masikioni.