Awiti Okinyi, Aliyetafuta Virusi kwa Mwanga

Awiti Okinyi alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 huko Kawempe, binti wa marehemu Mzee Okinyi, muuza sabuni wa soko la Kikuubo, na Mama Rispa. Watoto wawili waliomtangulia hawakuvuka mwaka, ndiyo maana akaitwa Awiti, jina ambalo Wajaluo humpa msichana anayezaliwa baada ya misiba. Mama yake alimbeba mgongoni muda mrefu hata majirani wakauliza kama mtoto ana miguu.

Alisoma shule ya msingi Kawempe na sekondari Kansanga, kisha mwaka 2007 akaingia Chuo Kikuu cha Makerere kusomea fizikia. Mzee Okinyi hakujua fizikia ni kazi gani, lakini kila mteja dukani aliambiwa binti yake anaisomea.

Tangu 2014 alifanya kazi katika maabara ndogo ya utafiti hapa Kampala, akibuni kifaa cha kutambua virusi vya homa ya ini aina ya B. Alimweleza mama yake hivi: ni kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba, na juu yake vimepandwa vinyuzi vinavyonasa vinasaba vya virusi; vikinasa, mwanga unaorudi hubadilika. Alitaka hata zahanati isiyo na daktari iweze kupima.

Khisa alikuwa fundi umeme aliyeajiriwa katika maabara hiyo. Siku ya kwanza alifungua mlango wa chumba cha giza, akaharibu kazi ya wiki nzima, naye Awiti akamfukuza. Kesho yake alirudi na pazia jeusi aliloshona mwenyewe. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 2016, wakajaliwa binti, Whitney.

Februari 2024 kifaa kilianza kuwasumbua. Damu ya Awiti, waliyoitumia kama damu safi ya kulinganishia, ilibadilisha mwanga kila mara. Kazini alikuwa amechanjwa dhidi ya homa hiyo bila kupimwa kwanza, wala hakuwahi kuugua. Aliamini kosa ni la kioo. Wakabadilisha vioo, wakaagiza vinyuzi vipya, hali ikawa ile ile. Mwishowe mwenzake Aristide akatoa damu yake mwenyewe. Mwanga haukubadilika. Awiti ndiye aliyesema.

“Basi kioo hakina kosa.”

Hospitali ilithibitisha, na picha zikaonyesha uvimbe wa saratani uliokwisha kusambaa kwenye ini. Daktari alieleza kwamba huenda aliishi na virusi hivyo tangu kuzaliwa. Whitney na baba yake walipimwa, wakakutwa salama. Mama Rispa alipimwa pia, akakutwa navyo. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha binti yake, mikono mapajani.

“Ni mimi nilimpa?”

Awiti akamshika mama yake mkono. “Mama, hukujua. Hata mimi nilikuwa navitafuta kwa watu wengine.”

Dawa alizimeza zote. Tuliita mapadri, tukaita wataalamu, tukapika supu ambayo hakuweza kuinywa. Khisa, aliyezoea kutengeneza kila kilichoharibika, alibaki kumgeuza ubavu huu na huu. Awiti alifariki Jumanne tarehe 5 Agosti 2025, asubuhi, mama yake akimkanda miguu. Mama hakuacha kukanda hata alipoambiwa.

Ameacha mama yake Rispa, mume wake Khisa, binti yake Whitney, mdogo wake Aluoch, na mwenzake Aristide, anayeendelea na kazi.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi tulishindwa kumpa.