Mafundo ya Dalmas Wasike

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya ukoo, mimi mdogo wake, kuwasomea maisha ya Dalmas Wasike, aliyezaliwa Kimilili mwaka 1911, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na tarehe 3 Mei 1935 akaja hapa Nakuru, akaandikwa kazi ya stoo katika kampuni ya kusaga mahindi. Mwaka 1938 alimwoa Nanyama, huyu mliyeketi naye, wakajaliwa watoto wanne. Kalamu hakuiamini sana, kwa hiyo kila mwisho wa mwaka alipohesabu magunia ya stoo, kwa kila magunia kumi alifunga fundo moja kwenye kamba ya katani.

Desemba 1954 alihesabu elfu mbili, meneja akaandika elfu tatu, akisema mengine yako njiani kutoka Molo, faida ikatangazwa kubwa, wakubwa wakagawana bakshishi, na Dalmas akapewa saa ya ukutani kwa uaminifu. Desemba 1956 alihesabu elfu tatu, meneja yule yule akaandika elfu moja na mia mbili, faida ikayeyuka, mwenye kampuni akaingiwa na hofu, akauza hisa zake kwa bei ya kutupa, na aliyezinunua ni meneja. Magunia yaliyopungua yakahitaji mwizi, akafutwa kazi Dalmas, na watoto wake wakaanza kuitwa watoto wa mwizi.

Bwana Thuo, karani wa hesabu, alimweleza mara nyingi kwamba gunia lililobaki stoo huingizwa kwenye faida, ukiliongeza kwenye karatasi faida hunona, ukilipunguza hukonda, lakini ndugu yangu alitikisa kichwa tu, akisema gunia amelishika kwa mikono yake, litakondaje? Sisi nasi, kusema kweli, mpaka leo tunababaika. Kilichotuuma ni kwamba alianza kujishuku mwenyewe, akawa anahesabu kuku wake mara tatu, na madirisha ya kanisa.

Kifua kilimshika Novemba 1957, akalazwa, akatuacha Jumapili tarehe 9 Machi 1958. Tunawashukuru madaktari, majirani na wafanyakazi wenzake, na kampuni kwa shada lililoandikwa "mtumishi mwaminifu", ingawa hatujui limetumwa kwa yule wa saa au kwa yule wa wizi.

Jana Nanyama alitoa kamba ya 1956 chini ya godoro, tukaihesabu mbele ya Thuo: mafundo mia tatu, magunia elfu tatu. Watoto wake wataitunza. Pumzika sasa, Dalmas, usihesabu tena, ulikuwa umepata.