Paa Lililonitoa Dukani

Ndugu zangu wa chama, paa la nyumba ya mke wangu lilisafiri mchana kweupe kutoka kijijini kwetu hadi sokoni Nyarugusu, likiwa mabegani mwa watu, ili mimi niruhusiwe kuacha duka. Baadhi yenu mlilibeba. Kwa ambao hamkuwapo, ngoja nianze mwanzo.

Nilipanga nyumba ile ya duka, pale sokoni, wakati wachimbaji wa dhahabu walipokuwa wengi na gunia la sukari halikai. Ilikuwa msonge wa udongo na majani kama nyumba zetu, ila mlango wake ulitazama barabara. Mwenyewe alikuwa mzee aliyewahi kuchimba mpaka kifua kikamshinda; kodi ile ndiyo iliyomlisha. Tulikubaliana mbele ya mashahidi kwamba nitalipa kila mwezi, na kodi haitakatika mpaka nimrudishie nyumba kama nilivyoipokea. Ilikuwa kodi kubwa, lakini kwa biashara ile sikuiona ukubwa wake.

Mwishoni mwa kiangazi mchwa walikula miti ya paa. Nikafanya kama ningefanya nyumbani kwangu: nikalibomoa lote, nikatandika turubai, nikasema nitaezeka majani yakipatikana. Mbuga zilikuwa zimeshachomwa moto, kwa hiyo majani ni mpaka baada ya mavuno. Nyumbani mtu husubiri tu. Nilisahau kwamba pale nasubiri juu ya nyumba ya mtu.

Mvua ikanyesha, maji yakajaa mashimoni, wachimbaji wakafunga mizigo. Nilibaki na sabuni, mafuta ya taa na mbwa wa jirani aliyelala mlangoni. Kodi ikala bidhaa, kisha ikala ng'ombe wawili wa mahari ya binti yetu. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nikifungua duka asubuhi kwa aibu tu, watu wasiseme limefungwa.

Nikaenda kwa mzee na ufunguo mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akanipa kigoda. Nilipomaliza kueleza, aliutazama ufunguo, hakuupokea.

"Mwanangu, nilikupa nyumba. Hapa unanirudishia ukuta. Mvua hii ikiuangusha, mimi nitakula nini?"

Nikaurudisha ufunguo mfukoni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba itabidi tulipe mpaka majani yakauke, na tuuze ng'ombe aliyebaki. Akaniuliza kama paa la nyumba yake linavuja. Nikasema halivuji, tuliliezeka mwanzoni mwa kiangazi, kabla mbuga hazijachomwa.

"Basi libebeni," akasema.

Nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa ameshakwenda dukani na kamba, akauzunguka ukuta, akaja kupima wa nyumbani. Kuta zilipishana kwa upana wa kiganja tu.

Mnajua paa la msonge huwezi kulibeba na shemeji zako. Linataka basumba, vijana wa kazi wa kijiji kizima. Nikaenda kwa kiongozi wao. Alikuwa akinoa jembe, hakuinuka.

"Leo mwenye duka ametukumbuka? Tulipolima kwa wenzako, wewe ulikuwa unapima chumvi."

Wenzake wakacheka, nami nikatazama chini. Kisha akasema, "Lakini mama watoto wako hajakosa shamba hata moja. Tutakuja kwa ajili yake."

Wakaja siku ambayo mvua ilipumzika. Walipitisha magogo chini ya paa, wakaliinua kwa wimbo, tukashika njia ya mbuga, matope mpaka magotini. Barabarani lori la pamba lilibidi lisimame. Dereva akatoa kichwa, akauliza nyumba ile inakwenda wapi.

"Kulipa kodi," mmoja akamjibu.

Liliposhuka juu ya ukuta, mzee alilizunguka akiligusa pembeni kwa fimbo, akaingia ndani, akatazama juu. Alipotoka alininyooshea mkono mtupu. Nikauweka ufunguo humo. Mashahidi wakaitikia kwamba wameona.

Nawashukuru basumba, mliokula mbuzi mmoja tu mkasema mmeshiba. Namshukuru mama yangu, aliyempokea mke wangu na watoto mpaka tulipoezeka upya. Mke wangu amekaa pale nyuma. Hapendi kutajwa, kwa hiyo naishia hapo. Ninalowaachia ni hili: kabla hujapokea ufunguo, uliza kwanza utaurudishaje, tena siku ambayo biashara imekufa. Na usiache kwenda shamba la mwenzako kwa sababu umepata kaunta.

Juma lililopita alinijia mtu kutoka Ushirombo. Amesikia wachimbaji wanarudi, na mzee amemwonyesha nyumba ile ile, kwa kodi ile ile. Nilimweleza yote haya kama nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama paa bado ni zima. Nikamwambia ni zima. Akaaga, akashika njia ya sokoni, nami mpaka leo sijasikia kama ameuchukua ufunguo.