Lodi wa Mzee wa Nanyuki

Kwenye basi la Perry Barr, huku ughaibuni, nilijifanya namfunika mwanangu vizuri, kumbe nasikiliza. Nyuma yangu Mumina, Msomali wa Kenya anayehudumia wazee majumbani, alikuwa akimsimulia mama wa Kikongo aliyekutana naye kituoni.

"Mzee wangu ni mzungu, mzaliwa wa Nanyuki. Ati ukoo wao ni malodi, mabwana wakubwa wa Scotland! Nikimwogesha anataka nimfundishe kuhesabu mababu kwa kichwa, kama sisi Wasomali. Wallahi, anakwama kwa babu wa tatu."

"Ule alikuwa nani?"

"Fundi viatu."

Mama wa Kikongo akacheka mpaka dereva akageuka. Nami nilicheka, kwa adabu, dirishani.

"Usicheke, dada. Babu yangu alichunga ng'ombe wa kina mzee huyo, akazikwa hukohuko shambani kwao Nanyuki. Mamangu anataka kujua kaburi liko wapi kabla hajafa. Aliyebaki anayejua ni huyu mzee tu."

"Si umuulize?"

"Nimemuuliza. Anasema atakumbuka tukishampata lodi kati ya mababu zake."

"Anakuchezea, mama. Na kama lodi hayuko?"

Basi likasimama. Mumina akainuka, akajifunga mtandio.

"Basi nitamtungia mmoja," akasema, akashuka.