Aliyeimba Theluji Mwezi wa Saba

Mchungaji Pettus, wazee wa Kanisa la Kibaptisti la Mwamba Mpya, ndugu, majirani na nyote mliokuja katika joto hili la Chicago, familia za Bascom na Quarles zimemtuma mdogo wake marehemu, Cletus Bascom, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake. Kabla hajaanza inafaa mjue kwamba jana familia iliombwa, kwa upole na kwa nia njema, ifupishe habari za santuri, kwa kuwa msibani si mahali pa ugomvi, familia ikalifikiria ombi hilo, ikalikataa. Atakayeona maneno yanachoma na ajipepee, pepeo za karatasi mmepewa mlangoni.

Marehemu Ardella Mae Quarles alizaliwa tarehe 11 Machi 1926, nje kidogo ya mji wa Marianna, jimbo la Arkansas, akiwa mtoto wa kwanza wa Ezra Bascom, aliyelima pamba katika shamba lisilo lake, na Bi. Lutie Bascom, ambaye watu wengi waliijua sauti yake kabla ya kuiona sura yake, maana aliimba akichuma pamba na upepo ukamtangaza. Sauti hiyo marehemu aliirithi yote, sisi wadogo zake tukaambulia masikio tu, na masikio hayo ndiyo yanayotufanya leo tusidanganyike.

Alianza kusoma mwaka 1932 katika chumba cha kanisa kilichofunguliwa pamba ikiisha na kufungwa pamba ikianza, hadi Januari 1937 familia ilipopanda treni kuja huku kwa shangazi yetu, Mtaa wa Arobaini na Tatu, akaendelea na shule hadi kumaliza sekondari Juni 1944. Huko alifundishwa kusoma muziki kwenye karatasi, akaujua hivi kwamba ungempa wimbo asiowahi kuuona angeuimba papo hapo pasipo kukwama, jambo ambalo baadaye liliwashangaza mabwana fulani wa studio, waliodhani watu wetu huimba kama ndege, bila kujua wanachokifanya.

Septemba 1944 aliajiriwa kushona bitana katika kiwanda cha makoti, kazi aliyoifanya miaka tisa, huku akiimba katika kwaya ya kanisa hili tangu alipobatizwa mwaka 1938, na kuanzia 1952 akaitwa studio kuimba matangazo ya redio, ya sabuni, ya biskuti na ya mafuta ya kukaangia. Sauti yake iliingia sebuleni mwa watu ambao yeye mwenyewe wasingemfungulia mlango wa mbele, na sabuni ikauzika.

Tarehe 12 Juni 1948, mbele ya madhabahu hii hii, alifunga ndoa na Linwood Quarles, mhudumu wa mabehewa ya kulala katika treni za masafa marefu, mtu mpole anayeketi hapo mbele na ambaye hatujawahi kumsikia akipandisha sauti, wakajaliwa watoto wawili, Roosevelt, aliyezaliwa tarehe 8 Februari 1950, na Verlene, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1956. Mwaka huo wa Verlene ndio mwaka wa santuri, na hapa ndipo tulipoombwa tupite haraka, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Wengi wenu mnajua, na asiyejua leo ajue, kwamba nyimbo za Krismasi hurekodiwa katikati ya kiangazi, ili santuri ziwahi madukani kabla ya baridi. Alhamisi tarehe 19 Julai 1956 marehemu aliingia studio kuimba sauti inayoongoza katika santuri iitwayo Theluji Mlangoni, ya bendi ya Bwana Royce Tillman, akiwa na ujauzito wa miezi saba. Feni zilizimwa, kwa sababu vinasa sauti husikia kila kitu, madirisha yakazibwa kwa mablanketi, wapiga fidla wakabaki na fulana za ndani, na yeye akawekewa beseni la barafu miguuni, akaimba habari za theluji huku jasho likimtiririka mgongoni. Katika ubeti wa tatu wa wimbo wa mwisho kuna mstari mrefu unaotakiwa kuimbwa kwa pumzi moja, naye alipofika katikati ya neno Bethlehemu mtoto akampiga teke chini ya mbavu, akalazimika kuvuta pumzi pale pale, akalikata neno vipande viwili. Aliomba arudie. Msimamizi wa kurekodi, Bwana Haldane, alikataa, akasema kipande hicho kimempendeza, kina kitu ndani yake. Kilichokuwa ndani yake ni Verlene.

Santuri ilitoka Oktoba. Jaladani kulikuwa na baba, mama na watoto wawili wa Kizungu mbele ya moto, dirishani kumemwagwa unga wa sabuni ndiyo theluji, jina la Bwana Tillman likiwa la dhahabu, na nyuma, mahali ambapo marehemu aliahidiwa kwamba jina lake lingeandikwa, paliandikwa "na kwaya" basi. Alipouliza aliambiwa toleo lijalo. Krismasi ile santuri ilipigwa madukani, kwa vinyozi, katika magari, hata katika treni alimofanya kazi mumewe, akawa anatandika vitanda vya wageni huku mkewe akiimba juu ya kichwa chake, na abiria wanamwuliza kama amewahi kusikia sauti nzuri namna hiyo. Linwood alijibu kwamba amewahi, hata asubuhi hiyo, ikimwambia asisahau maziwa.

Mei 1959 ikaja sauti ya pande mbili, hiyo mnayoiita sterio, na kila aliyenunua gramafoni mpya alitaka santuri mpya, kwa hiyo kampuni ikaamua kurekodi upya Theluji Mlangoni, nyimbo zile zile, jalada lile lile. Wakamwita marehemu. Hakuomba nyongeza ya malipo, na hilo tunalisema kwa sababu limesemwa vingine katika mtaa huu, aliomba jina lake liwekwe mbele, kwa herufi ndogo kadiri wapendavyo. Bwana Haldane alicheka kidogo, akamjibu maneno ambayo marehemu aliyarudia kwetu mezani jioni ile, bila kuongeza wala kupunguza.

"Bibi, watu hawanunui jina. Wananunua theluji."

"Basi mwambie theluji iimbe," marehemu akasema, akachukua kofia yake, akaondoka.

Walimtafuta binti mmoja wa Wisconsin, Peggy Lindahl, ambaye familia haina neno naye, alikuwa akitafuta riziki kama sisi sote, wakamketisha na santuri ya marehemu, wakamrudishia sindano mwanzo tena na tena mpaka akaweza kupanda anapopanda Ardella na kushuka anaposhuka Ardella. Na alipofika Bethlehemu akafundishwa kuvuta pumzi pale pale, binti asiye na mimba, ndani ya chumba chenye kiyoyozi cha kisasa kisicho na mlio. Husemwa mtupa jongoo hutupa na mti wake, lakini hawa walimtupa mwimbaji wakaibakiza pumzi yake. Kisha wakaiondoa santuri ya kwanza madukani, na ikawa kana kwamba haikuwahi kuwepo, wala aliyeimba hakuwahi kuwepo.

Nyumbani tulikuwa na nakala moja ya zamani, tukaichakaza wenyewe kwa mapenzi, Roosevelt akiweka sarafu juu ya mkono wa sindano ili isiruke, hata ikawa inakwaruza kuliko inavyoimba. Krismasi ya 1963 Linwood, kwa moyo safi kabisa, alinunua nyingine mpya katika duka kubwa la mjini, akatazama picha, akaona ni ile ile, akaifungia karatasi nyekundu. Tulikaa sote sebuleni, mikate ya mahindi iko mezani, Linwood anatabasamu, sindano ikashuka. Marehemu alisikiliza mstari mmoja, akainuka, akaizima.

"Linwood, huyu nani umemleta nyumbani kwangu?"

"Della, si wewe?"

Swali hilo alilijutia tangu siku ile hadi leo, ingawa marehemu alimsamehe kabla chakula hakijapoa, akamwambia kwamba kama mume aliyelala naye miaka kumi na mitano amedanganyika, basi nchi nzima haina kosa. Sisi hatukubaliani na marehemu katika hilo. Nchi ina kosa, na kosa la Linwood ni mtego uliotegwa na watu wenye ofisi, wenye akili timamu, waliojua vizuri kwamba mtu hutazama jalada.

Tena tusiwaonee wa mbali tukawaacha wa karibu, kwani kikulacho ki nguoni mwako. Kwaya hii, iliyoketi nyuma ya jeneza hili, kila Desemba huimba wimbo ule, na kila Desemba huvuta pumzi katikati ya Bethlehemu, mkidhani ndio mtindo wa kisasa, na aliyepachika pumzi hiyo alikuwa amesimama safu ya pili kati yenu. Desemba 1966, baada ya ibada, dada mmoja, ambaye yupo hapa na anajijua, alimshika mkono marehemu akamwambia kwa kumsifu, "Dada Ardella, mwaka huu umeimba, yaani unamkaribia kabisa yule wa kwenye santuri." Marehemu akasema asante. Alifika nyumbani, akavua kofia, akakaa jikoni na koti lake mwilini, wala hakupika siku hiyo. Mwaka uliofuata aliacha kuimba peke yake, mkasema amezeeka.

Aliendelea na kazi jikoni katika shule ya msingi, aliyoianza mwaka 1960, na kuwafundisha watoto wa Shule ya Jumapili kuimba, hadi Novemba 1969 alipoanza kubanwa na kifua. Madaktari waligundua maradhi ya mapafu, akatibiwa akipata nafuu na kuzidiwa, na tarehe 14 Desemba 1970 akalazwa katika hospitali ya kaunti. Wodini mlikuwa na redio, na redio za Desemba mnazijua. Muuguzi Hattie Broyles, aliyekuwa ameambiwa na Verlene kwamba mama yake ndiye aliyeimba Theluji Mlangoni, aliukuta wimbo unapigwa, akaongeza sauti kwa furaha, akasema, "Mama Quarles, msikilize, ndiye wewe huyo."

Marehemu alikuwa hana pumzi ya kutosha hata kumaliza sentensi. Alisikiliza mpaka ubeti wa tatu, akainua kidole.

"Huyo si mimi, mwanangu," alisema. "Ila hapo alipovuta pumzi. Hapo ni mimi na huyu mtoto."

Verlene alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, na hajausikiliza wimbo huo tena tangu siku hiyo.

Alirudi nyumbani Februari, akazidiwa tena mwishoni mwa Juni, na Jumamosi tarehe 17 Julai 1971, saa nane mchana, madirisha yote yakiwa wazi na hewa haiji, Bwana alimwita. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Ameacha mume, watoto wawili, wadogo watatu, na sauti ambayo hata sasa haina jina mahali popote iliponaswa. Jumatatu tuliipigia simu kampuni, tukaomba nakala moja tu ya santuri ya 1956 kwa ajili ya maziko, na kijana aliyepokea alitujibu kwa adabu kwamba tusihangaike, wimbo huo uko madukani, tena katika sauti bora zaidi.

Familia inawashukuru madaktari waliopigania pumzi zake za mwisho, Muuguzi Broyles, aliyeomba radhi kwa jambo lisilo kosa lake, wahudumu wenzake Linwood waliobadilishana safari ili asikose kitandani kwa mkewe, wapishi wa shule, Mchungaji Pettus kwa subira aliyotuonyesha asubuhi hii, na kwaya yote, pamoja na yule dada. Shukrani za mwisho ni kwa jirani yetu Bi. Odessa Crump. Bi. Crump ana sheria nyumbani kwake, kila mtoto wa mtaa anaijua, kwamba santuri ya Krismasi haitoki kabla ya Siku ya Shukrani ya mwisho wa Novemba wala haikai nje baada ya Mwaka Mpya, na kwa sheria hiyo, na kwa kuifunga katika foronya, Theluji Mlangoni aliyoinunua Oktoba 1956 haijakwaruzika. Juzi alibisha hodi akiwa ameikumbatia, akasema sheria ni yake na leo ameivunja.

Iko hapo mezani, kando ya jeneza. Kwaya tunaiomba isiimbe. Mashemasi, zimeni feni, nanyi wekeni pepeo chini, mvumilie joto kwa dakika chache, yeye alilivumilia. Msione ajabu kusikia Krismasi mwezi wa saba, mwezi wa saba ndipo ilipoimbwa. Verlene ameomba aishushe sindano kwa mkono wake. Mkifika Bethlehemu mtamsikia akivuta pumzi, na mtu akiwauliza baada ya leo ni nani yule, msiseme ni kwaya. Jina la mwimbaji ni Ardella Mae Quarles.

Dada, sasa tunakusikiliza wewe. Pumzika kwa amani.