Siku Kumi na Mbili za Modesti

Ndugu waombolezaji, naitwa Leonardi, mdogo wake marehemu.

Kaka Modesti Oswaldi alizaliwa Milepa tarehe 14 Machi 1974, asubuhi ya ukungu, na mama alizoea kusema mtoto huyu alikuja bila kelele. Alisoma shule ya msingi Milepa kuanzia 1982 hadi 1988, sekondari hapa Sumbawanga, kisha chuo Dar es Salaam, na mwaka 2000 akaanza kazi ya kuchambua makampuni, akiwaeleza wenye hisa kampuni ipi ni nzima na ipi inaumwa. Tarehe 6 Septemba 2003 alifunga ndoa na shemeji Coleta, kanisani Katandala, wakajaliwa Albina na Edwin.

Mameneja hakupenda kuzungumza nao mezani, aliwatoa nje wakatembea, akauliza jambo lile lile mara mbili, kisha akanyamaza, mpaka meneja mwenyewe aanze kusema kama mtu aongeaye usingizini. Ndivyo Mei 2019, wakitembea Matai, meneja wa kampuni moja ya unga, Bwana Yonas, alivyoteleza ulimi kwamba mnunuzi wao mkubwa amejitoa. Kaka hakuandika neno, alimsihi awatangazie wenye hisa wote kwa pamoja, asijue mmoja kabla ya mwingine, na tangazo likachukua siku kumi na mbili kutoka.

Mimi nilikuwa na hisa humo, jasho langu lote la kilimo cha ulezi. Siku ya tano nilimpigia simu kumwuliza niuze au nibaki, akasema hawezi kunijibu, akauliza habari za mvua. Tangazo lilipotoka hisa zilikuwa si kitu tena, nikaapa sina kaka, nikakaa miaka sita bila kumsemesha.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2024, akarudi nyumbani, akafariki alfajiri ya tarehe 2 Juni 2025. Nilifika hospitali siku moja kabla, nikamkuta hajitambui. Tangu hapo namwota, tunatembea kwenye shamba la ulezi lisilo na mwisho, naongea mimi tu.

Jana shemeji Coleta aliniambia kwamba naye alikuwa na hisa mle, na siku zote kumi na mbili alilala kitanda kimoja na mumewe bila kuambiwa lolote.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Katandala, wafanyakazi wenzake, na Bwana Yonas aliyesafiri kuja.

Shikamoo, kaka. Pumzika kwa amani.